Jiwe la Bibi Yako Kando ya Enyau

Ayikoru mwanangu,

Umekwenda Koboko kumuaga bibi yako, na mama yako ananiambia hutarudi kabla ya jioni. Nimeweka nyundo chini, nimesukuma mlango wa karakana ili vijana wa jirani wasije kupiga soga, nimekaa juu ya jiwe ambalo bado halijapata jina la mtu, nakuandikia. Kesho utaondoka kwenda Dodoma kusomea uuguzi. Nikisema nikuambie haya kwa mdomo asubuhi, kati ya mabegi na makondakta, nitaishia kukuuliza kama umeshika pasi yako ya kusafiria.

Habari za nguo, dawa ya malaria, chakula cha njiani na watu wa kupigia simu ukifika, mama yako amekwisha kukueleza na atakueleza tena. Mimi siongezi kitu hapo. Ninachotaka kukuandikia ni neno ulilomwambia jana mlipokuwa mnakunja nguo. Nilikuwa uani nanoa tindo, nikakusikia: "Huko watanicheka. Kiswahili yangu iko mbaya." Ulisema kwa utani na mama yako akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua nani alikufundisha kufikiri hivyo.

Nilikuwa na umri kama wako nilipofika Mwanza. Nilikuwa nimesikia kwamba kule mawe ni mengi kuliko watu, na kwamba fundi anayejua kuyachonga hakosi mkate. Nikamkuta mkuu wa karakana moja ya mawe ya makaburi, mzee mnene mwenye kofia ya kitambaa, nikamwambia kwa heshima zote nilizokuwa nazo: "Mzee, mimi iko natafuta kazi. Mimi najua kupiga mawe." Vijana waliokuwa wanachonga waliacha kazi. Mmoja akarudia, "Mimi iko," mwingine akaipokea, na kuanzia siku ile jina langu pale lilikuwa Iko. Iko, lete maji. Iko, shika huku. Hawakuwa watu wabaya, Ayikoru. Walinigawia chakula chao, na nilipougua walikaa nami kwa zamu mpaka nikapona. Lakini kila walipoita jina lile nilihisi kama mtu aliyevaa shati kinyume mbele ya watu.

Nikaamua kukitoa Kiswahili changu kinywani. Nilijifunza chao kwa kuchonga. Herufi ikishaingia kwenye jiwe haitoki, kwa hiyo nilikuwa nauliza kabla ya kupiga: ni "alizaliwa" au "aliyezaliwa"? Ni "jina lake" au "jina yake"? Yule mzee alinijibu bila kuchoka, na mimi nilishika kila kitu. Miaka yangu ya mwisho pale, wateja walidhani nimezaliwa Mwanza. Niliporudi kwetu hapa Arua nilikuwa na ufundi mikononi na Kiswahili kilichonyooka mdomoni, na nakiri kwamba cha pili ndicho kilichonipa majivuno zaidi.

Mama yako nilimpata Koboko, nilipokwenda kuweka jiwe la kaburi kwa watu wa jirani yao. Yeye Mkakwa, mimi Mlugbara wa Ajia. Tulichumbiana kwa Kiswahili na tukajenga nyumba hii ya Awindiri kwa Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa cha huku kwetu, kile kile nilichokwenda nacho Mwanza, na mimi nikaanza kukirekebisha. Akisema "chakula iko tayari," nilisema "kiko tayari" kabla hata ya kunawa mikono. Akisema "watoto nalala," nilisema "wamelala." Niliona namsaidia. Sentensi zake zikaanza kuwa fupi. Mwisho akawa anasema "Chakula" tu, anaweka sahani na kwenda zake jikoni, na ninyi watoto akawa anawaambia mambo yake kwa Kikakwa, ambacho mimi nakisikia kidogo kidogo. Nilidhani ni uchovu wa shamba. Mtu anaweza kukaa mezani miaka mingi na mke anayenyamaza, akaamini kwamba ameoa mwanamke mpole.

Nakukumbuka wewe ukiwa mdogo, miguu haijagusa sakafu ukikaa kitini. Ulisema, "Baba, kisu kiko wapi?" halafu ukanitazama usoni kuona kama umepatia. Kisu chenyewe kilikuwa mbele yako. Siku ile nilifurahi sana. Nikiyakumbuka yale macho sasa, furaha ile inaniaibisha.

Hayo yalikuwa yamekwisha kuwa maisha yetu ya kila siku wakati Mwalimu Drani alipokuja na habari ya njia. Unamjua Mwalimu Drani, alikufundisha hesabu shule ya msingi. Yeye ndiye aliyewakusanya watu wa huku wasafishe ukingo wa mto Enyau, pale palipokuwa na mashimo ya wafyatua matofali na takataka za mtaa mzima. Ninyi vijana mlibeba udongo, akina mama wakapanda nyasi, na polepole pakawa na njia ya kutembea kwa miguu inayofuata mto. Ndipo Drani akaja hapa karakanani, akakaa pale unapopenda kukaa wewe, akaniambia: "Umechonga vya kutosha kwa ajili ya waliolala. Sasa wachongee wanaotembea."

Alitaka mashairi kwenye mawe, mashairi ya watu wa hapa hapa, kwa lugha za hapa. Wazo lile lilinishika. Maisha yangu yote nilikuwa nimechonga maneno ambayo msomaji wake anakuja analia. Sikuwahi kuchonga neno la kusomwa na mtu anayekwenda sokoni. Tulileta mawe kwa lori kutoka Ajia, na maneno yakaanza kuja: ya Kilugbara, ya Kikakwa, ya Kiarabu cha Juba kutoka kwa jirani zetu waliokuja kutoka Sudani Kusini, na ya Kiingereza kutoka kwa wanafunzi. Ya Kiswahili hayakuja. Drani alipouliza, watu walimwambia Kiswahili ni cha barabarani, cha kuulizia bei na cha askari, nani anaweza kutungia shairi?

Mama yako alikuwa anapita na ndoo. Akasimama akasema, "Mama yangu iko na maneno."

Uliyajua maneno hayo tangu hujaweza kutembea. Ndiyo aliyokuwa anawabembelezea bibi yako mlipokwenda Koboko likizo. Drani akapanda gari hadi Koboko, akayarekodi kwenye simu, akaniletea. Nikayasikiliza hapa hapa, kwa sauti yake ile ya kukwaruza kidogo:

Mutu iko ngambo, iko naita.
Mimi hapana jua jina yake.
Maji iko kubwa, mutoto iko mugongo.
Sauti yake iko kamba, mimi nashika.

Nilipenda. Sikudanganyi, niliyapenda sana. Na kwa sababu niliyapenda nilitaka yatoke vizuri, yasichekwe na mtu yeyote atakayepita. Nikachukua kipande cha karatasi nikayasafisha, kama mtu anavyomfuta mtoto kamasi kabla ya wageni kuingia. Sikumuuliza bibi yako. Sikumuuliza hata mama yako, aliyekuwa hatua chache kutoka hapa anapepeta mchele. Nikachonga hivi:

Kuna mtu ng'ambo, anaita.
Silijui jina lake.
Maji ni mengi, mtoto yu mgongoni.
Sauti yake ni kamba, nami naishika.

Herufi zilikuwa nzuri. Nilizipenda hasa zile za mstari wa mwisho.

Siku ya kufungua njia bibi yako alikuja na kitenge chake kizuri, wakamwekea kiti kando ya jiwe. Hajui kusoma, kwa hiyo akasema, "Mutoto asome." Mtoto ulikuwa wewe. Ulisimama na sare yako ya shule ukasoma kwa sauti safi, bila kukwama, watu wakapiga makofi. Bibi yako hakupiga. Alikaa anangoja, kama mtu anayeona kwamba bado hujafika mwisho. Halafu akauliza, "Na yangu iko wapi?"

"Ndiyo hii, Mama," Drani akamwambia.

"Hapana. Hii mutu gani nasema?"

Mimi nilikuwa nyuma ya watu, na macho ya mama yako yalinifikia pale pale nilipokuwa. Bibi hakuonyesha hasira. Aliinuka, akawashukuru watu, akakusifu wewe kwa kusoma, akaomba apelekwe kwenye gari za Koboko. Chakula kilikuwa tayari na hakukigusa.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani uliniuliza, "Baba, nimesoma vibaya?" Nikakujibu, "Hapana, umesoma vizuri," nikaishia hapo. Ilinipasa kuongeza kwamba ulisoma vizuri kitu kilichoandikwa vibaya, na kwamba aliyekiandika ni mimi. Wiki ile ile ukarudi bwenini. Ndiyo maana yaliyofuata uliyasikia vipande vipande tu, na leo nataka uyapate yote.

Mama yako alizungumza nami jioni ile, na alizungumza kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amefanya kwa miaka. Hakupandisha sauti. Aliniambia, "Wewe nachukua maneno ya mama yangu, nafanya yako. Maneno yangu pia wewe nachukua, kila siku, hapa mezani. Mimi iko naangalia tu. Sasa mimi nachoka." Nilifungua mdomo nikataka kusema "nimechoka." Neno lilifika kwenye ulimi, Ayikoru, hata wakati ule. Nikalimeza, na nadhani kulimeza kule ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya katika nyumba hii. Nikamwambia, "Twende Koboko."

Tulikwenda. Bibi yako alitupokea kama ambavyo hupokea watu siku zote, akatupikia mboga za simsim na muhogo, na hakutaja jiwe. Nilikaa kando kidogo, macho chini, kama mkwe anavyokaa. Tulipomaliza kula, mama yako akamwambia mama yake kwamba nimekuja kuuliza. Nami nikasema, "Mama, nataka kujua kwa nini ulisema si yako. Maana yake sikuibadilisha."

Alitoa sahani, akarudi akakaa. Nitaandika alivyosema, kadiri ninavyokumbuka, na sitagusa kitu; hata mama yako atabaki Poni, kama mama yake anavyomwita.

"Baba ya Ayikoru, ile wakati watu nakimbia vita. Poni iko mudogo, iko mugongo yangu. Sisi natembea na watu ya kila kabila, Kakwa iko, Lugbara iko, Nubi iko. Luga ya kusikizana iko moja tu, hii Kiswahili. Asubuhi sisi nafika mto ya mpaka, ngambo ni Kongo. Mvua napiga, maji iko kubwa, ukungu iko mingi, ngambo hapana onekana. Halafu sisi nasikia sauti. Mutu iko naita.

"Watu yote nalala chini. Sisi nasema, askari iko ngambo pia. Barabarani sisi nakutana na askari ya mbali, nasema Kiswahili muzuri, kabisa kabisa. Mimi hapana jua nani iko mubaya, nani iko muzuri. Mimi naogopa yote. Kiswahili muzuri mimi naogopa.

"Ile sauti nasema tena. Nasema, 'Mama, kuja huku, huku maji iko kidogo, kule iko shimo.' Mimi nasikia hii 'iko.' Mimi nasema na roho yangu, huyu hapana askari. Huyu mutu yetu. Mimi nasimama, nafunga Poni nguvu, naingia maji. Yeye naita, mimi nafuata. Maji nafika hapa." Akagusa kifua. "Watu ingine naona mimi naingia, yote nakuja nyuma yangu."

Mama yako alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimuuliza bibi yako yule mtu alikuwa nani.

"Hapana jua. Sisi nafika, ukungu iko bado, yeye nakwenda na ngombe yake. Mimi naona mugongo tu." Halafu akanitazama, jambo ambalo si kawaida yake kunifanyia. "Kama yeye nasema kama ile jiwe yako, mimi hapana ingia."

Ayikoru, mimi nimechonga mawe ya waliokufa kwa muda mrefu na nilidhani nayajua maneno mazito. Mama yako alikuwa amekaa karibu nami, mzima, mikono yake imelala magotini, na alikuwa hai kwa sababu mchunga ng'ombe mmoja alisema "iko." Neno lile lile nililolikimbia Mwanza. Neno lile lile nililomfutia kila siku kwenye meza yetu.

Nikasema, "Mama, jiwe nitaliondoa."

"Jiwe hapana kosa," akasema. "Futa, andika tena."

Kurudi Arua kulikuwa rahisi, kuisimamia kazi hiyo mbele ya Drani na kamati yake ya njia ndiko kulikokuwa na miiba. Drani hakutaka. Yeye ni mwalimu na alisema kama mwalimu: "Watoto wa shule watapita pale kila siku. Tunahangaika darasani kuwafundisha 'yuko' na 'kiko,' halafu wakute 'iko' imechongwa kwenye jiwe? Na wageni watasemaje kuhusu watu wa Arua?" Mmoja wa wanakamati akacheka akasema, fundi wa Kiswahili sanifu leo anatetea Kiswahili cha sokoni. Wengine wakacheka pia. Nilisimama pale nikahisi lile shati la kinyume mgongoni mwangu, baada ya miaka yote ile. Lakini safari hii sikutaka kuligeuza. Niliwasimulia habari ya mto kama nilivyoisikia Koboko, kwa maneno ya bibi yako, na nilipofika pale sauti inaposema kule iko shimo, hakuna aliyecheka tena.

Drani akaniuliza, "Na mgeni akisema mmekosea?"

"Mwambie aje karakanani kwangu," nikamjibu. "Nitamweleza."

"Basi chonga," akasema. "Lakini herufi ziwe nzuri."

Kufuta jiwe, mwanangu, ni kulila. Unasaga uso wote mpaka uende chini kuliko pale tindo ilipofika, na mimi nilikuwa nimechonga kwa kina kwa sababu nilikuwa na hakika. Vumbi lilijaa kila mahali. Neno "anaita" ndilo lililokataa kutoka mpaka mwisho. Nilipoanza kuchonga upya, mkono ulisita kwenye ile "mutu." Mkono uliozoea haukutaka kuiweka ile u. Nikamwita mama yako asimame karibu, anitamkie, nami nikawa nachonga ninachosikia. Alitamka mstari mmoja mmoja, akingoja nimalize, na tulipofika kwenye mtoto aliye mgongoni akasema, "Hiyo ni mimi," akacheka. Tangu siku ile anazungumza mezani. Umeona mwenyewe ulipokuwa ukija likizo, ulidhani labda ameanza kuzeeka na kupenda maneno.

Bibi yako alikuja kuliona bila sherehe. Tulikuwa watatu tu kando ya mto, asubuhi, na wanawake wawili upande wa pili wakifua. Mama yako akamsomea. Bibi akainama, akaweka kiganja juu ya jiwe, akakiacha pale kama anavyopima homa ya mtoto. Akasema, "Sasa iko." Halafu akauliza kama kuna chakula nyumbani, akala vizuri sana.

Uso wa jiwe lile umezama kidogo kwa sababu ya kusagwa, na mvua ikinyesha maji yanatuama juu ya maneno. Nimekuwa nikipita kuyafuta. Siku moja nikamkuta mama mmoja anayeuza mboga njia ya Pajulu, ametoka Sudani Kusini, Kiswahili chake amejifunzia hapa hapa sokoni. Alikuwa ameweka beseni chini, anayakausha maneno kwa kona ya shuka yake ili asome.

"Nani naandika hii?" akaniuliza.

"Mama mkwe wangu."

"Yeye navuka mto gani?"

Nikamwambia ni mto wa mpakani, upande wa Kongo. Akatikisa kichwa. "Mimi navuka mto Kaya," akasema. "Mutu pia naita." Akakaa kwenye nyasi kando ya jiwe, na mimi nikaondoka nikamwacha, kwa sababu niliona hakuwa na haja ya fundi. Baadaye alimpelekea Drani maneno yake mwenyewe, na jiwe lake ndilo lile jipya karibu na daraja ulilokuwa ukiniuliza ni la nani.

Sasa unakwenda Dodoma. Utacheka nao na watakucheka, siwezi kukuahidi vinginevyo. Kijifunze Kiswahili chao chote, kwa sababu ni kizuri na kina nafasi kubwa ndani yake. Mimi mwenyewe nakuandikia kwa hicho na sijutii hata saa moja niliyoitumia kukisoma. Ninachojutia ni kurudi nacho nyumbani kama askari wa kizuizi cha barabarani, kila anayepita namwambia asimame. Utajaribiwa kufanya hivyo. Utakuja likizo na maneno yako mapya, utamsikia mama yako akisema jambo, na ulimi wako utawasha. Huo ndio wakati wa kukumbuka yale niliyoyameza mimi.

Na kwenye kazi yako ndiko hasa ninakokuona. Mtu mgonjwa atakuambia maumivu yake kwa njia yake. Atasema tumbo inatembea, au moyo iko mbali, au damu imechoka. Mwache amalize. Pengine ile namna yake ya kusema ndiyo yenye ugonjwa wenyewe, na ukimnyooshea utabaki na sentensi nzuri na mgonjwa usiyemjua. Sikufundishi uuguzi, nakuambia nilichokiona kwenye jiwe.

Hata hivyo nadhani hili unalijua kuliko mimi. Nilikuona mwaka jana kwa mzee jirani yetu aliyepooza, ukimlisha uji. Maneno yake yalikuwa yanatoka nusu nusu, na watu wa nyumba ile walikuwa wakimmalizia kila sentensi ili wapumzike. Wewe ulishika kijiko hewani ukangoja. Ilichukua muda, uji ukapoa, naye akafika mwisho wa alichotaka kusema. Kilikuwa kitu kidogo tu, kuhusu mbwa aliyekuwa naye zamani. Ulicheka naye. Nilikuwa mlangoni na hukuniona. Tangu siku ile sina hofu nawe, popote watakapokupeleka, na mtu yeyote atakayelala kitanda unachokihudumia ana bahati.

Mama yako ameingia. Ameona naandika, ameuliza naandika nini kirefu hivi, nimemwambia. Amevuta kigoda, amekaa, anasema na yeye anataka kuweka maneno yake, na ameniangalia kwa namna ninayoielewa. Haya ndiyo:

"Ayikoru, mama yako nasema. Baba yako nasema mingi, mimi nasema kidogo. Kama wewe nachoka, lala. Kama watu nacheka, wewe pia cheka, halafu maliza kusema. Kama siku moja roho nakuwa nzito, hapana kaa peke yako, piga simu, hata kama mimi iko shamba mimi nashika. Mimi hapana lia kesho. Labda kidogo. Wewe kwenda. Nyumba iko."